Laga imelala, na kuhingira ni wiki sita

Mama Kwete, salamu nyingi kutoka Kabale.

Mimi ni mwanajeshi mstaafu, Mkiga, na mke wangu ni Mkakwa wa Koboko. Nyumbani tunaongea Kiswahili kwa sababu ndicho kilichotukutanisha kambini, na watoto wamekua nacho. Nimekuwa nikikusoma tangu ulipoandika juu ya tonto, pombe ya ndizi, iliyogeuka siki. Leo mgonjwa ni wangu.

Shemeji yangu anaishi Ujerumani. Alipokuja likizo alileta begi zima la vitu vya kupikia bia: kilo 6 za kimea cha shayiri kilichokwisha kupondwa, hopsi (maua yanayoipa bia uchungu), haidromita (kioo kinachoelea cha kupimia uzito wa bia ukilinganisha na maji; sukari ikiliwa, namba inashuka), pakiti mbili za chachu kavu ya bia ya laga za gramu 11.5 kila moja, na kidude cha kuwasha na kuzima friza chenye kipimajoto chake. Mimi nikaropoka. Binti yetu anahingirwa, yaani tunafanya sherehe ya kumkabidhi kwa mumewe, wiki sita kutoka leo, na nilitamka mbele ya wazee kwamba meza kuu itakunywa laga niliyoipika kwa mkono wangu. Kreti za bia ya Nile Special zimeshalipiwa kwa ajili ya wageni wengine, lakini meza kuu ni meza kuu.

Nilifanya kila kitu kwa utaratibu. Kwanza nilikagua kipimajoto, kama tulivyofundishwa kukagua silaha kabla ya doria. Nilikitia kwenye maji yanayochemka, kikasoma 93. Maji yanachemka kwa 100, hilo hata mtoto wa shule analijua, kwa hiyo nikabandika utepe juu yake na kuandika kwa wino: ONGEZA 7. Kile cha friza nacho nikakijaribu vilevile. Nacho 93. Vifaa vya siku hizi, Mama!

Shemeji alisema kimea kiloweke saa moja kwenye nyuzi 66. Nikashika 59 kwenye kioo, yaani 66 ukiongeza 7. Nilitumia kilo 5. Kuchemsha kulichukua muda mrefu kuliko alivyosema. Mke wangu anadai jiko la Kabale halina nguvu, kwamba hata maharagwe hayaivi kama ya kwao Koboko. Shemeji alitegemea haidromita isome 1.050, mimi nikapata 1.044. Lita 20. Chachu nilitia pakiti moja. Yeye alisema zote mbili, lakini jeshini huwezi kupiga risasi zote siku ya kwanza.

Siku tatu za mwanzo friza ilikuwa 13 kwenye kioo, yaani 20. Siku ya pili povu likapanda, nyumba nzima ikanukia mkate. Siku ya tatu jioni nikashusha hadi 5, yaani 12, ndilo joto la laga nililoambiwa. Siku ya tisa kizibo cha maji kikaacha kutoa mapovu. Nikapima: 1.026. Leo ni siku ya tano tangu hapo, na kila asubuhi ni 1.026. Nimeonja. Ni tamu kama chai ya hotelini, ukali wa hopsi hauonekani sana.

Ushauri nimepata mwingi. Jirani anayekaanga chapati anasema nitie hamira ya mkate. Kaka yangu mkubwa anasema nitie asali, kama enturire, pombe yetu ya mtama na asali, itaamka yenyewe. Shemeji kwa simu anasema nifungue ndoo niikoroge kwa nguvu ipate hewa. Mke wangu anasema nimwage, ninunue kreti moja zaidi, nikae kimya. Na mimi nafikiri niijaze tu kwenye chupa, labda itamalizia humo.

Nifanye lipi?

Afande Mstaafu, Kabale

*

Afande, pole. Amri tatu kwanza, maelezo baadaye: usiimwage, usiitie chochote, na usiijaze kwenye chupa. Hiyo ya tatu nitairudia, maana ndiyo inayoweza kumtoa mtu jicho.

Nimesoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilisimama kwenye pakiti ya chachu uliyoiweka akiba, nikasema huyu amekwenda vitani na nusu ya kikosi, basi. Mara ya pili yakanisimamisha maharagwe ya mke wako.

Jiko lako halina kosa lolote. Maharagwe ya Kabale hayaivi upesi kwa sababu maji ya Kabale hayafiki 100. Maji huchemka pale mvuke wake unapopata nguvu ya kuusukuma uzito wa hewa iliyoyakalia. Ukipanda milimani hewa hiyo inapungua, na maji yanaanza kuruka sufuriani yangali na joto pungufu. Hesabu ya harakaharaka ni kupungua nyuzi moja kwa kila mita 300. Mombasa ufukweni ni 100. Kampala, kwenye mita 1,200 hivi, ni 96. Kabale, karibu mita 2,000, ni 93 na kitu. Kipimajoto chako kilisoma 93, na cha friza kikasoma 93. Umeletewa mashahidi wawili wasiojuana, wakasema neno moja, ukawafunga wote wawili.

Usiniamini kwa maneno tu. Chukua barafu, ipondeponde, ijaze kikombe, tia maji baridi kidogo tu ya kuziba nafasi, koroga, ngoja dakika tatu, kisha tumbukiza kipimajoto katikati bila kugusa kikombe. Barafu inayoyeyuka ni 0 Kabale, ni 0 Koboko, ni 0 Mombasa, mlima hauisumbui. Kikisoma 0 au karibu sana na hapo, chukua kitambaa na spiriti ufute ule wino.

Sasa tuisome kazi yako upya bila ule wino. Kimea hukukiloweka kwenye 66, ulikiloweka kwenye 59 halisi. Chachu uliitia kwenye 13, wala si 20. Na tangu siku ya tatu jioni, bia yako imekuwa ikielekea kwenye nyuzi 5 na kukaa hapo.

Tuanze na hiyo 59, kwa kuwa ndani yake mna habari njema. Wanga wa shayiri hulainika vizuri kati ya nyuzi 60 na 65 hivi. Chini ya hapo sehemu yake hubaki ngumu, kama mchele uliotiwa maji ya vuguvugu, na vimeng'enya vya kimea, yaani kemikali zake zinazougeuza wanga kuwa sukari, haviwezi kuuvunja. Ndiyo sababu ulitoka na 1.044 badala ya 1.050, sukari nyingine ilibaki kwenye makapi ukawapa kuku. Lakini ile uliyoipata ni sukari nyepesi. Kimeng'enya kinachokata sukari ndogondogo, zile ambazo chachu inaziweza, hufanya kazi yake vizuri kwenye joto la chini na hufa haraka ukivuka 70. Ungeniambia umeloweka kwenye 74 ningekuwa na wasiwasi, maana hapo hutoka sukari ndefu ambazo chachu ya laga haizigusi, na bia ingesimama kwenye 1.020 hata ungeiimbia. Wewe umeiandalia chakula laini kabisa. Kutoka 1.044 naitarajia ishuke hadi 1.010 au chini kidogo. Chakula kipo mezani. Walaji ndio wamelala.

Na wamelala kwa sababu umewazima taa. Watu husikia laga ni bia ya baridi, wakadhani baridi yoyote ni nzuri. Chachu ya laga ni chotara: mzazi mmoja ni jamaa wa hamira ya mkate, mpenda joto, mwingine ni wa porini, mpenda baridi, ambaye watafiti walimtambua mwaka 2011 katika misitu ya Patagonia, kule kusini kabisa mwa Amerika. Mtoto amerithi uvumilivu, lakini uvumilivu una mpaka. Chachu kavu za laga nyingi hupenda 12 hadi 15. Ukiishusha kutoka 13 hadi 5 katikati ya kazi, povu likiwa juu, inakunja mikono, inashikana mabonge na kuzama chini ya ndoo. Ukiangalia chini kwa tochi utaiona: tabaka la rangi ya maziwa ya chai. Haijafa.

Hapo ongeza suala la akiba. Kwa lita 20 za laga, kipimo cha kawaida cha chachu kavu ni gramu 16 hadi 24. Ulitia 11.5. Askari wachache, wamechoka kuzaana, kisha ukawapelekea baridi ya usiku wa milimani. Kwenye 13 wangeweza kumaliza kazi polepole. Kwenye 5, hapana.

(Nakushukuru tu kwamba uliniandikia kabla ya hatua inayofuata. Baada ya kuchacha, laga hutulizwa wiki kadhaa kwenye nyuzi 1 au 2. Kwa hesabu yako ya utepe, 2 ingekuwa 5 chini ya sifuri kwenye kioo. Bia ya nguvu hii huanza kuganda ikishuka 2 au 3 chini ya sifuri. Ungefungua friza ukakuta jiwe lenye ndoo iliyopasuka.)

Kabla ya kuamsha, pima vizuri. Ile 1.026 nayo si safi sana. Haidromita nyingi hutengenezwa zisome sawa kwenye nyuzi 20. Bia ikiwa kwenye 5 ni nzito kidogo, kwa hiyo inakuzidishia alama moja au mbili (alama moja ni 0.001). Mapovu nayo hujishika kwenye kioo na kukiinua, yakakuongezea nyingine. Chota sampuli, imimine kutoka kikombe hadi kikombe mara kumi, iache mezani ipate joto la chumba, kisha tumbukiza haidromita na uizungushe kwa vidole ili iachane na mapovu. Soma pale uso wa bia ulipo chini, usisome pale bia inapopanda kushika kioo. Ijaribu pia kwenye maji safi ya nyuzi 20: inatakiwa isome 1.000. Nadhani utapata 1.023 au 1.024 badala ya 1.026. Bado imesimama, lakini sasa utakuwa na namba ya kuaminika ya kuanzia. Sampuli kunywa au mwaga, usiirudishe kwenye ndoo.

Sampuli nyingine, robo lita hivi, ndiyo ya jirani yako wa chapati. Hapa hamira yake ina kazi. Itie kwenye chupa safi, weka kijiko kimoja cha hamira ya mkate, funika kwa karatasi, iweke karibu na jiko ambako kuna joto la nyuzi 25, na uwe unaitikisa kila ukipita. Baada ya siku mbili au tatu ipime. Hamira nyingi hivyo, kwenye joto hilo, itakula karibu kila kinacholika. Ikishuka hadi 1.009, unajua ndoo yako inaweza kufika karibu na hapo. Ikigoma kwenye 1.020, basi sukari iliyobaki ni ile isiyolika na mimi nimekosea juu ya chakula laini. Tutakaa na laga tamu na tutaipa jina. Sidhani. Lakini nataka uone kwa macho yako. Ile ya chupani utaimwaga, maana ladha yake utaijutia.

Wakati jaribio hilo linaendelea, amsha ndoo. Zima friza. Itoe ndoo bila kuifungua, iweke kwenye kile chumba chenu cha stoo kisichopata jua. Hapa nawaonea wivu watu wa Kabale. Sisi wa Kampala tunalipa umeme kupata nyuzi 16. Ninyi mnazo chini ya kitanda. Ivike blanketi, iache ipande yenyewe siku moja au mbili hadi 15 au 16 halisi. Usiiweke juani wala kando ya jiko. Kupanda polepole hakuiumizi chachu.

Ikishafika hapo, ishike ndoo kwa mikono miwili na uizungushe kwenye sakafu kama mtu anayesuuza jerikani, mzunguko mpana, taratibu, nusu dakika, asubuhi na jioni. Unataka lile tabaka la chini liinuke lielee tena. Kifuniko kibaki kimefungwa. Shemeji yako amekuambia ufungue na kukoroga ipate hewa, na namheshimu, lakini huo ni ushauri wa siku ya kwanza. Kabla ya kutia chachu, maji ya kimea yakishapoa, hewa ni lishe: chachu huitumia kujijengea utando wa seli inaouhitaji ili izaane. Pombe ikishaingia, hewa hiyohiyo huigeuza bia ikawa na ladha ya boksi lililonyeshewa. Shemeji hajakosea dawa, amekosea saa.

Usiogope kizibo cha maji kikianza kutoa mapovu saa ileile uliyoitoa frizani. Hiyo ni gesi inayotoka tu kwa kuwa bia inapata joto, kama soda iliyoachwa juani. Usishangilie bado. Ngoja siku nne kamili, kisha pima kwa njia niliyokueleza. Ikiwa imeshuka hata alama tatu, nyamaza, iache. Itaendelea. Ipime tena baada ya kila siku tatu hadi isome namba moja mara mbili mfululizo.

Ikiwa baada ya siku nne haijasogea, hapo ndipo tunaiita akiba. Na hapa ndipo watu wengi hukosea: wanachana pakiti na kuimwaga kavu juu ya bia yenye pombe. Chachu kavu inayoamkia kwenye pombe ni kama mtu unayemwamsha kwa kumsukuma mtoni. Lazima iamkie kwenye chakula kitamu, ishike kazi, ndipo uipeleke. Una kilo moja ya kimea iliyobaki. Chukua gramu 150, loweka kwenye lita moja ya maji kwa nyuzi 65 (halisi, Afande) saa nzima, chuja, chemsha dakika 15, funika, poza hadi 20. Tia pakiti yote kwenye chombo kilichochemshwa, funika na karatasi ya foili, uwe unaitikisa. Kesho yake au keshokutwa povu litapanda juu kabisa. Usingoje lizame. Saa hiyohiyo, povu likiwa bado limesimama, hakikisha ile chachu na bia kwenye ndoo zina joto linalokaribiana, kisha imimine taratibu pembeni ya ndoo bila kurusha matone. Chachu iliyo kazini haiulizi maswali.

Kaka yako mkubwa mwambie asali yake iko salama. Kuitia kutaleta mapovu, ndiyo, na utafurahi siku mbili: hata chachu iliyochoka hukimbilia asali kwa kuwa ni sukari rahisi. Italamba asali, itaacha sukari ya kimea palepale, na utakuwa na bia tamu ileile yenye pombe zaidi. Enturire ni kitu kingine. Pale asali na mtama vinaingia pamoja katika mpango, na mnywaji anategemea uzito na uchachu. Nami nilikulia Arua, mama alikuwa akipika kwete, pombe ya nafaka, na kwete ikizubaa aliitia konzi ya unga wa kimea cha ulezi, ikaamka. Kwa kwete ni sawa kabisa, kimea kibichi kinakuja na vimeng'enya vipya, na pia kinakuja na bakteria wa kuchachusha kama maziwa ya mgando. Kwenye kwete bakteria hao ni wageni waalikwa. Kwenye laga ni wezi. Kwa hiyo ukisikia mtu wa kule kwetu akikushauri kimea kibichi, jua anakupenda, lakini usimsikilize.

Sasa chupa. Afande, umeandika "labda itamalizia humo". Itamalizia, ndiyo. Chupa itatoka kwenye baridi, itasafiri, itakaa kwenye hema la sherehe saa saba mchana, chachu itaamka, itakuta chakula chote kile. Kila alama nne zinazoshuka hutengeneza gesi karibu mara mbili ya ujazo wa bia yenyewe. Bia ya kawaida ina gesi mara mbili na nusu. Wewe ungefungia alama 14 ndani ya glasi: mara saba. Mimi niliwahi kufanya hivyo na tangawizi, si bia hata, chupa kumi na mbili za glasi kwenye rafu ya stoo. Ilipasuka moja usiku, ikapasua mbili za jirani yake. Asubuhi tulikuta vipande ndani ya gunia la simsim lililokuwa limefunguliwa kidogo tu juu, na kipande kimoja, chembamba kama ukucha, kimechoma mlango wa mbao kikasimama humo. Simsim yote tuliimwaga. Tungekuwa tumeingia kuchukua mafuta ya taa dakika ile, sijui.

Kwa hiyo chupa ni baada ya namba mbili zinazofanana, karibu na zile ulizozipata kwenye chupa ya hamira, na si siku moja kabla.

Wiki sita zinatosha, ila hazina nafasi ya kupoteza. Kuamsha na kumaliza kuchacha, wape wiki mbili. Ikikaribia mwisho iache siku tatu zaidi kwenye 16 hadi 18 hata kama inaonekana imekwisha. Laga changa hunukia siagi, kama popkoni za sinema. Chachu ikiwa bado na nguvu huirudia harufu hiyo na kuila. Ili ujue kama imekwisha, pasha sampuli kidogo kwenye kikombe kilichofunikwa ndani ya maji ya moto, kisha nusa. Ikinuka siagi, ngoja siku mbili. Kisha chupa: kwa lita 20, gramu 120 za sukari, ichemshe kwenye maji kidogo, ichanganye polepole na bia kabla ya kujaza. Wiki mbili stoo kwenye joto la kawaida ipate gesi. Moja kati ya chupa hizo iwe ya plastiki ya soda. Ikiwa ngumu ukiiminya, zote ziko tayari. Siku zinazobaki, friza, nyuzi 1 au 2, za kweli.

Itatoka nyepesi kuliko alivyokusudia shemeji, asilimia 4 na nusu hivi. Uchungu wa hopsi pia utakuwa mdogo, na hilo tena ni mlima: kwenye 93 hopsi hazitoi uchungu wote. Kwa bia ijayo chemsha saa moja na nusu badala ya saa moja, na uongeze hopsi kidogo. Kwa hii, acha ilivyo. Wazee wa meza kuu watainywa mchana, na hotuba za kuhingira unazijua urefu wake. Asilimia 4 na nusu ni rehema.

Kuhusu mke wako: hakukosea kuhusu maharagwe, alikosea mshtakiwa tu. Mnunulie sufuria ya presha, ile yenye kifuniko cha kufunga kwa mpira. Inazuia mvuke, maji yanapanda kupita 100 hata Kabale, na maharagwe yataiva kama ya Koboko, pengine kuyapita.

Fanya jaribio la barafu leo jioni, kabla ya kugusa ndoo. Niandikie namba hiyo moja tu. Ikiwa si 0, nitafuta nusu ya niliyoyaandika hapa na tutaanza upya.

Mama Kwete